Uchaguzi wa muziki redioni

Uchaguzi wa muziki redioni ni kazi ya kuamua wimbo upi upigwe, saa ngapi, na mara ngapi kwa wiki. Wasikilizaji wengi humdhania mtangazaji kuwa ndiye mwenye uamuzi huo, lakini katika vituo vingi vya biashara mtangazaji huikuta orodha imeshapangwa kwenye kompyuta. Aliyeipanga ni mkuu wa muziki au meneja wa vipindi, na mkononi ana majedwali ya utafiti wa wasikilizaji. Utaratibu huu ulikomaa Marekani kati ya miaka ya 1950 na 1980, kisha ukaenea Ulaya, Australia na kwingineko.

Utafiti huo una sifa moja inayouathiri muziki wote unaosikika hewani: hupima zaidi wimbo usiomfanya mtu abadili stesheni kuliko wimbo anaoupenda kwa dhati.

Kuwahesabu wasiosikika

Gazeti huhesabu nakala zilizouzwa na sinema huhesabu tiketi. Redio haina kitu cha kuhesabu, na katika miaka yake ya mwanzo ilitegemea barua za wasikilizaji. Mwaka 1930, Archibald Crossley alianza kupiga simu majumbani Marekani akiuliza watu walisikiliza nini jana yake. C. E. Hooper akaja na swali lililo rahisi zaidi kukumbuka jibu lake: unasikiliza nini sasa hivi? Mwaka 1942 kampuni ya A. C. Nielsen ikaanza kutoa takwimu zilizotokana na Audimeter, kifaa kilichofungwa ndani ya redio yenyewe na kunakili kila stesheni iliyofunguliwa. Njia za simu zilikuwa na dosari iliyo wazi. Familia nyingi maskini, za vijijini na za Wamarekani Weusi hazikuwa na simu, kwa hiyo ladha zao hazikuingia kwenye hesabu.

Mwaka 1937, kwa fedha za Wakfu wa Rockefeller, mradi wa utafiti wa redio ulianzishwa chini ya Chuo Kikuu cha Princeton, ukiongozwa na Paul Lazarsfeld, mtaalamu wa elimu jamii kutoka Vienna. Yeye na Frank Stanton, aliyekuja kuwa rais wa kampuni ya CBS, walibuni mashine ya kupima kupenda na kutopenda. Wasikilizaji walikaa pamoja, kila mmoja akiwa na vitufe viwili, cha kijani na chekundu. Aliyefurahia alibonyeza kijani, aliyechukia akabonyeza chekundu, na mashine ikachora mstari wa hisia zao tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho. Mbinu nyingi zinazotumika leo ni wajukuu wa vitufe hivyo.

Ndani ya mradi huohuo ulizuka ubishi ambao haujaisha mpaka sasa. Mwanafalsafa Theodor Adorno, aliyepewa sehemu ya muziki mwaka 1938, hakukubali kwamba kupenda muziki kunaweza kugeuzwa namba. Alidai kwamba msikilizaji anayesema anaupenda wimbo wa redio mara nyingi anachosema hasa ni kwamba ameutambua, na ameutambua kwa sababu redio imemrudishia mara nyingi. Adorno aliudharau muziki wa watu, hasa jazi, kwa namna isiyomstahili mtu wa akili kama yake. Katika suala hili la kuutambua wimbo, hata hivyo, watafiti waliofuata walimthibitisha bila kukusudia.

Omaha na orodha ya nyimbo arobaini

Televisheni ilipoingia majumbani mwishoni mwa miaka ya 1940, michezo ya kuigiza na vichekesho viliihama redio. Kilichobaki kikiwa rahisi kurusha kilikuwa santuri. Todd Storz, kijana wa familia iliyomiliki kiwanda cha bia mjini Omaha, Nebraska, alinunua pamoja na baba yake kituo kidogo cha KOWH mwaka 1949. Simulizi maarufu inasema kwamba akiwa kwenye baa aliwatazama wateja wakitumbukiza sarafu kwenye sanduku la muziki na kuchagua nyimbo zilezile usiku kucha. Walipoondoka, mhudumu aliyezisikia muda wote huo alitoa sarafu zake mwenyewe akapiga wimbo uleule tena. Simulizi hiyo imeandikwa kwa namna kadhaa, na nyingine zinaiweka wakati Storz alipokuwa jeshini. Funzo alilolichukua halina utata: watu hawataki wingi wa nyimbo, wanataka nyimbo chache wanazozipenda, mara kwa mara.

Mwaka 1953 Storz alinunua kituo cha WTIX cha New Orleans. Mshindani wake mjini alikuwa na kipindi cha nyimbo 20 bora. WTIX ikaleta cha nyimbo 40, na jina Top 40 likashika. Orodha zilipatikana kwa kupigia simu maduka ya santuri na wenye masanduku ya muziki, wakiulizwa nini kimependwa zaidi wiki hiyo. Huko Dallas, Gordon McLendon wa kituo cha KLIF aliongeza mbwembwe: vibwagizo vya jina la kituo, mashindano ya zawadi, habari za haraka haraka. Redio iliyodhaniwa inakufa ikapata uhai mpya, na vijana wa Marekani wakapata muziki wao. Storz alifariki mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 39.

Mwezi Agosti 1958 jarida la Billboard lilianzisha chati ya Hot 100, iliyochanganya mauzo ya santuri na upigwaji redioni. Tangu hapo redio imekuwa ikitazama chati, na chati ikitazama redio.

Mlungula

Madijei wa miaka ya 1950 walikuwa na uwezo wa kumtajirisha mwanamuziki kwa wiki chache, na kampuni za santuri zililijua hilo. Fedha, zawadi na hata hisa za wimbo zilitolewa ili wimbo upigwe. Kamati ndogo ya Bunge la Marekani chini ya Oren Harris ilifanya vikao vya hadhara mwaka 1960. Aliyeumia zaidi ni Alan Freed, dijei aliyewafanya vijana wa Kizungu wausikilize muziki wa Weusi. Alifukuzwa kituo cha WABC cha New York mwezi Novemba 1959, akakiri makosa mawili ya hongo ya kibiashara mwaka 1962, akatozwa faini ya dola 300, na akafariki mwezi Januari 1965 akiwa ameharibikiwa. Sheria iliyorekebishwa mwaka 1960 haikukataza malipo yenyewe. Ilikataza malipo yasiyotangazwa kwa wasikilizaji.

Matokeo makubwa zaidi yalikuwa ndani ya vituo. Wamiliki waliogopa kupoteza leseni, wakawanyang'anya madijei haki ya kuchagua na kuikabidhi kwa meneja wa vipindi. Mwaka 1965 Bill Drake na Ron Jacobs walikipeleka kituo cha KHJ cha Los Angeles mbali zaidi: nyimbo karibu 30 tu, maneno ya mtangazaji yakabanwa kuwa sekunde chache, na ukimya ukapigwa marufuku. KHJ ilipanda hadi kileleni kwa muda mfupi na mtindo wake ukanakiliwa nchi nzima.

Rushwa haikukoma, ilibadili mlango. Mwaka 2005 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, Eliot Spitzer, aliifanya Sony BMG ilipe dola milioni 10 kumaliza kesi ya kuwahonga watumishi wa vituo kwa safari na vifaa vya elektroniki. Warner na Universal zilifuata kwa malipo yao.

Kionjo cha sekunde chache

Katika miaka ya 1970 utafiti uligeuka kutoka kuuliza maduka na kuanza kuwauliza wasikilizaji. Lee Abrams, mshauri wa vituo vya roki vya FM, alipanga kadi ziwekwe kwenye maduka ya santuri. Mnunuzi aliandika jina, namba ya simu na albamu aliyonunua, kisha baadaye akapigiwa simu aeleze ni nyimbo zipi za albamu hiyo alizokuwa akizirudia. Hapo kulikuwa na maswali marefu na majibu marefu.

Njia iliyoshinda ilikuwa fupi zaidi. Mtafiti humpigia simu msikilizaji na kumchezea kionjo, yaani sekunde tano hadi kumi za sehemu ya wimbo inayokumbukwa kwa urahisi, mara nyingi kiitikio. Maswali ni yaleyale kwa kila kionjo. Unaujua? Unaupenda kiasi gani, kuanzia moja hadi tano? Umekuchosha? Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika, kwa sababu wimbo unaweza kupendwa sana na wakati huohuo kuwa umechuja. Mkuu wa muziki huupunguzia zamu wimbo wa aina hiyo, na pengine huurudisha baada ya miezi kadhaa akiupeleka kwenye kundi la zilipendwa.

Kwa nyimbo za zamani hutumika ukumbi. Watu wapatao mia moja, waliochaguliwa kwa umri, jinsia na stesheni wanazosikiliza, hukusanywa kwenye hoteli na kulipwa kwa muda wao. Huchezewa vionjo mamia kadhaa kwa kikao kimoja, wakijaza fomu au kuzungusha kitufe mkononi. Zinazopata alama za juu hubaki maktaba, nyingine huondolewa. Ndiyo maana kituo cha zilipendwa chenye maelfu ya nyimbo kabatini huweza kuzungusha mia chache tu mwaka mzima, na ndiyo maana msanii aliyetoa albamu kumi hukumbukwa redioni kwa vibao viwili.

Udhaifu wa kionjo ni mkubwa kuliko wakuu wa vituo wanavyopenda kukiri. Kionjo humkumbusha mtu wimbo anaoujua. Kwa wimbo asioujua hakimwambii kitu. Wimbo unaojengwa polepole, wenye utamu unaofika dakika ya nne, hauna sekunde saba za kuuwakilisha. Kwa hiyo wakuu wa muziki husubiri wimbo mpya upigwe makumi ya mara kabla ya kuupima, na uamuzi wa kuupiga mara hizo za kwanza hubaki kuwa suala la sikio la mtu, ushawishi wa kampuni ya kurekodi, au ujasiri. Utafiti huingia baada ya uamuzi mgumu zaidi kuwa umeshafanywa.

Swali la nani anajibu nalo halijapata dawa. Wanaokubali kuzungumza na mgeni kwenye simu kuhusu nyimbo ishirini au thelathini si lazima wawe mfano wa wengine. Simu za mkononi zilipochukua nafasi ya simu za mezani kazi hiyo ilihamia intaneti, ambako wanaojibu mara nyingi ni wapenzi sugu wa kituo chenyewe.

Matokeo ya utafiti huingizwa kwenye programu ya kupangia muziki. Inayojulikana zaidi ni Selector, iliyotokana na kampuni ya RCS iliyoanzishwa na Andrew Economos mwaka 1979. Kila saa ya matangazo hugawanywa kwa nafasi: hapa kibao kinachotamba, hapa kinachopanda, hapa cha miaka iliyopita, hapa tangazo. Kompyuta hupewa masharti, kwamba msanii mmoja asirudi kabla ya muda fulani kupita, nyimbo mbili za polepole zisifuatane, na wimbo uliopigwa asubuhi leo usipigwe saa ileile kesho. Kibao cha kundi la juu kwenye stesheni ya vijana hurudi kila baada ya saa mbili au tatu.

Kifaa cha kiunoni

Kwa miongo kadhaa kampuni ya Arbitron ilipima redio za Marekani kwa shajara: kijitabu ambacho mtu alikijaza wiki nzima, akiandika stesheni na saa. Watu waliandika walichokikumbuka, na walichokikumbuka zaidi ni stesheni waliyoipenda. Mwaka 2007, kuanzia Philadelphia na Houston, Arbitron ilibadilisha shajara kwa kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni ambacho husikia alama za siri zilizofichwa ndani ya sauti ya stesheni, zisizosikika kwa sikio la binadamu. Kifaa hakiulizi mtu anapenda nini. Hunakili tu sauti iliyomfikia, iwe nyumbani, kwenye gari la mwenzake au dukani.

Picha ya usikilizaji ilibadilika ghafla. Ilionekana kwamba watu hugusa stesheni nyingi kuliko walivyoandika, na hukaa kila moja kwa muda mfupi zaidi. Mameneja walianza kuona dakika kwa dakika wimbo upi uliwafukuza wasikilizaji, na wakakata mazungumzo, utambulisho wa nyimbo na nyimbo wasizokuwa na hakika nazo. Stesheni za jazi laini, zilizokuwa na wapenzi waaminifu kwenye shajara, ziliporomoka moja baada ya nyingine. WQCD ya New York iliuacha muziki huo mwezi Februari 2008. Vituo vya Wamarekani Weusi na vya Walatino vililalamika kwamba waliopewa vifaa hawakuwawakilisha wasikilizaji wao, na mwezi Oktoba mwaka huohuo Mwanasheria Mkuu wa New York, Andrew Cuomo, aliishtaki Arbitron. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwezi Januari 2009.

Miaka michache baadaye shaka nyingine ikapata nguvu. Alama za siri hujificha vizuri ndani ya sauti nene kuliko ndani ya maongezi au muziki mwepesi. Vituo vingi vilinunua mashine iitwayo Voltair ili kuzikoleza alama hizo, na mwaka 2015 Nielsen, iliyokuwa imeinunua Arbitron mwaka 2013, ililazimika kuboresha mfumo wake. Kama shaka hiyo ilikuwa na ukweli, baadhi ya muziki uliondolewa hewani si kwa kukosa wasikilizaji bali kwa kuwa mashine haikuusikia vema. Hilo ni kosa zito, na waliolipia ni wanamuziki.

Kanuni ya hesabu nayo hupanga muziki. Kwa muda mrefu mtu alihesabiwa kuwa msikilizaji wa robo saa kama alikaa angalau dakika 5 ndani yake, kwa hiyo vituo vilisogeza matangazo ya biashara na kuweka vibao vikubwa pale ambapo vingemvusha msikilizaji kutoka robo saa moja hadi nyingine. Mwaka 2025 Nielsen ilipunguza kiwango hicho hadi dakika 3 kwa miji inayopimwa kwa kifaa.

Wanawake katika redio za country

Mwaka 2015 mshauri wa vituo vya muziki wa country, Keith Hill, alivishauri vituo kupunguza nyimbo za wanawake na kutozipanga mbili mfululizo, akiwafananisha wanawake na nyanya kwenye kachumbari ambayo majani yake ni wanaume. Hasira zilizofuata zilikuwa za haki. Hill alijitetea kwa takwimu za utafiti, na hapo ndipo tatizo lilipo. Mtafiti Jada Watson wa Kanada ameonyesha kwamba sehemu ya wanawake kwenye nyimbo za redio za country ilishuka kutoka karibu theluthi moja mwaka 2000 hadi kiasi cha moja ya kumi mwaka 2018. Wimbo usiopigwa haujulikani, usiojulikana hupata alama ndogo kwenye kionjo, na mwenye alama ndogo hapewi zamu. Namba zinazotolewa kuthibitisha kwamba wasikilizaji hawawataki wanawake zimezalishwa na uamuzi wa kutowapiga.

Uingereza

BBC ilianzisha kitengo cha utafiti wa wasikilizaji mwaka 1936 chini ya Robert Silvey. Tangu mwaka 1992 vituo vya BBC na vya biashara hupimwa kwa pamoja na shirika la RAJAR. Radio 1, iliyofunguliwa tarehe 30 Septemba 1967 wiki chache baada ya sheria kuvinyamazisha vituo vya maharamia vya baharini, huchagua nyimbo kwa kikao cha kila wiki kinachozipanga katika makundi. Mwaka 1996 bendi ya Status Quo iliishtaki BBC kwa sababu Radio 1 iligoma kupiga wimbo wake uliokuwa kwenye chati, ikashindwa. Mfano wa kinyume ni wa mwaka 1975, Kenny Everett wa Capital Radio alipoupiga mara 14 ndani ya mwisho mmoja wa wiki wimbo wa Queen, "Bohemian Rhapsody", uliodhaniwa mrefu mno kwa redio.

Viwango vya lazima

Kanada ililazimisha asilimia 30 ya muziki wa nyumbani mwaka 1971, ikapandisha hadi 35 mwaka 1999. Ufaransa ilianza na asilimia 40 ya nyimbo za Kifaransa mwaka 1996. Sauti ya Kenya iliamriwa mwaka 1980 kupiga asilimia 75 ya muziki wa Kenya, amri ikaondolewa baada ya muda mfupi. Agizo la asilimia 90 la SABC ya Afrika Kusini la mwaka 2016 lilifutwa mwaka uliofuata.

Afrika Mashariki

Redio Tanzania Dar es Salaam ilichagua muziki kwa njia yake. Nchini hakukuwa na kiwanda cha santuri, kwa hiyo redio ya taifa ndiyo iliyokuwa studio. Bendi kama NUTA Jazz, Morogoro Jazz na Mlimani Park zilirekodi humo, na mashairi yalipitiwa na kamati kabla ya kurekodiwa. Lililokubaliwa likarushwa nchi nzima. Mfumo huo ulibana maneno na uliwalipa wanamuziki kidogo, lakini uliacha hazina ya kanda isiyo na mfano katika ukanda huu. Msikilizaji alisikika kupitia kadi za salamu: jina lake, kijiji chake, orodha ya ndugu na marafiki, na wimbo anaoutaka. Nchini Kenya na Tanzania wapenzi wa salamu waliunda vyama na kujipa majina ya kujitambulisha. Kadi hizo hazikuwa sampuli ya kitaalamu, ila zilikuwa na kitu ambacho kifaa cha kiunoni hakina, kwani mtu alisema mwenyewe anataka nini na kwa ajili ya nani.

Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua milango ya vituo binafsi Tanzania, na Radio One ikaanza mwaka 1994. Mtangazaji wake Mike Mhagama hutajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyelipa jina Bongo Flava kundi la muziki uliokuwa ukichipuka. Muziki huo ulipata nafasi kupitia masikio ya watangazaji, bila vionjo wala kumbi za hoteli.

Siku hizi kampuni za Ipsos na GeoPoll hupima wasikilizaji wa Kenya, Tanzania na Uganda kwa mahojiano na ujumbe mfupi wa simu. Wanaoulizwa hueleza hasa stesheni na saa walizosikiliza, kwa ajili ya watangaza biashara. Wasanii wa Dar es Salaam na Nairobi wamelalamika hadharani mara nyingi kwamba huombwa fedha ili nyimbo zao zipigwe, na nchini Kenya kampeni ya #PlayKE ilidai muziki wa nyumbani upewe muda zaidi.

Hali ya sasa

Wakuu wa muziki hutazama pia Shazam, iliyoanza Uingereza mwaka 2002 kwa kupiga namba 2580 na kuielekeza simu kwenye spika, pamoja na takwimu za YouTube, Boomplay na Spotify. Takwimu hizi huonyesha wimbo ambao mtu ameutafuta mwenyewe. Vituo kadhaa huzitumia kuchagua nyimbo mpya, huku vionjo vikiendelea kutumika kuamua lini wimbo uondolewe.